Kipande cha Sita

1

Mashine ya kule ng'ambo haikujua salamu. Jambo hilo Dk. Mwasote alikataa kulielewa, na ukaidi wake uliwagharimu wiki nzima.

Ulimwengu ule ulikuwa umejifunza kutengeneza jicho kabla haujajifunza kusafirisha barua vizuri. Jicho lenyewe lilikuwa la kioo, na waya mwembamba ulipita nyuma ya sikio ukashuka hadi kwenye kisanduku cha kiunoni kilichobeba betri na programu. Mtu aliyekuwa kipofu miaka mingi alivalishwa asubuhi, na jioni akawa anawasema watoto wake kwa uchafu wa nguo zao. Lakini kompyuta za Tukuyu zilikuwa mbili tu, moja ya benki na moja ya Kituo cha Macho, na hii ya pili ilipata laini ya simu mara moja kwa siku, baada ya chakula cha mchana, posta wakikubali kuiachia. Hapo modemu ilipiga makelele yake, barua zikafika Dar es Salaam, na huko zikasubiri zamu yao ya kuvuka kwenda ng'ambo.

Kwa hiyo fundi aliyetaka kiraka cha kuziba kosa la programu hakukipata kama anayefuata sukari dukani. Aliiandikia barua mashine inayohifadhi viraka, akaitajia anachotaka. Mashine ilikikatakata kiraka vipande vipande, ikavigeuza kuwa herufi zisizosomeka na mtu, ikavituma kimoja kimoja kama barua za kawaida. Fundi alivikusanya, akafuta vichwa vya barua kwa mkono, akavipanga kwa namba zake na kuviunga. Kikikosekana kimoja, vilivyobaki vilikuwa takataka.

Fundi wa Kituo alikuwa Atuganile, binti mwembamba mwenye subira, na subira hiyo alikuwa akiihitaji sana siku ile, maana mkuu wake alisimama nyuma ya kiti chake akisoma kwenye kioo cha kompyuta.

"Ndivyo unavyoandika?" Dk. Mwasote aliuliza. "'Tuma kiraka cha ishirini na mbili.' Basi? Kama unamwagiza mtoto chumvi?"

"Daktari, anayesoma si mtu. Ni mashine."

"Mashine ina mwenyewe."

"Inasoma mstari mmoja mmoja. Kila mstari inaudhani ni amri."

"Basi idhani kwamba tuna adabu. Futa, uandike ninavyokuambia."

Atuganile alifuta. Daktari akaanza kutamka, kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni, mikono nyuma. Mheshimiwa Mhandisi. Tunatumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa mvua. Tunakushukuru kwa jicho ulilotutumia, na mgonjwa wetu anawasalimu wote. Aliuliza habari za familia, za kazi, na za baridi ya kule, kwa sababu alikuwa amesikia kuna baridi. Ombi lenyewe lilikuja chini kabisa, kama inavyompasa mtu aliyelelewa.

Jibu lilirudi likiwa refu kuliko barua. Mashine ilisema haijui amri iitwayo Mheshimiwa. Haijui amri iitwayo mvua. Familia pia haikuijua, wala afya, wala baridi. Kila mstari ilioshindwa kuuelewa iliuhesabu kuwa ni ombi moja, na kufikia pale kiraka kilipotajwa, mgao wa maombi ya wiki wa Kituo ulikuwa umekwisha. Mlango umefungwa, ilisema, jaribuni tena wiki ijayo.

Dk. Mwasote alisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

"Haina malezi," alisema, akaenda kuwatazama wagonjwa wake.

2

Mwenye jicho mkoa mzima alikuwa mmoja, kwa majaribio: Bibi Tupokigwe, mjane aliyeishi mteremkoni upande wa mashamba ya chai. Atuganile alikwenda kumwona ili kumtahadharisha, maana wiki iliyopotea ilikuwa wiki ya hatari.

Kiwanda cha ng'ambo kilichotengeneza jicho kilikuwa kimetuma onyo. Ili kuokoa betri, jicho halikuchora upya kitu kisichobadilika. Kilichotazamwa mahali pale pale siku baada ya siku kiliwekwa ghalani, ndani ya kisanduku, na mtu alipotazama tena mahali pale, jicho lilimpa picha ya ghalani badala ya kujisumbua kuangalia. Kwa ukuta au mlima hapakuwa na neno. Lakini huko ng'ambo bwana mmoja alivuka barabara aliyoiona tupu, na haikuwa tupu. Kiraka kilikuwa cha kuzuia mchezo huo na kulifagia ghala lote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ukungu usije ukaingia na wewe."

Ndani palikuwa na joto la jiko la mkaa na harufu ya maziwa. Mjukuu wake Tumpe, ambaye mama yake alishinda akichuma chai, alikuwa sakafuni akigonga sufuria kwa mwiko. Bibi Tupokigwe alimimina chai vikombe vitatu. Kimoja alimpa mgeni, kimoja alibaki nacho, na cha tatu alikiweka juu ya mkono wa kiti kikubwa cha mbao kilichokuwa dirishani. Katika kiti hicho hapakuwa na mtu.

Atuganile alikitazama kikombe kikitoa mvuke. Alikuwa ameandaa maelezo marefu ya kitaalamu, na akaona hayana tena kazi.

"Tangu lini, bibi?"

Kikongwe hakujifanya hajaelewa. "Tangu tulipotoka kumzika. Nilirudi ndani nikamkuta amekaa."

"Mzee Asajile."

"Ni nani mwingine? Amevaa sweta la kahawia, lile nililomfumia mimi. Anasoma gazeti." Aligeuza uso kuelekea dirishani, na macho yake, la kioo na lile la kuzaliwa lililokufa, yakalainika yote mawili. "Usinitazame hivyo. Mimi si mgonjwa wa akili. Hafungui ukurasa hata siku moja, kwa hiyo najua ni mtambo tu. Najua ni picha. Wewe huna picha za wazee wako ukutani?"

"Ninazo."

"Basi. Yangu imekaa kitini."

Atuganile alifanya hesabu kichwani. Mzee alikuwa amekaa pale pale miaka mitatu ya mwisho ya maisha yake, miguu ikimuuma, na mkewe, aliyepewa macho uzeeni, alikuwa hana anachokitazama zaidi yake. Jicho lilichoka kumchora. Likamweka ghalani pamoja na ukuta na dirisha.

Akaeleza habari za kiraka. Aliieleza taratibu, barabara ya kule ng'ambo na yote, na bibi alisikiliza akikoroga chai isiyohitaji kukorogwa.

"Kikija hicho kiraka, ataondoka?"

"Ataondoka."

"Huwezi kufagia vingine ukamwacha?"

"Kurasa za ghala hazina majina, bibi. Sijui upi ni yeye, upi ni barabara, upi ni kisima. Ni kufagia vyote au kuacha vyote."

Tumpe aliacha sufuria, akaja akining'inia kwenye gauni la bibi yake. Bibi alimpapasa kichwa bila kumtazama, kama wafanyavyo watu waliowahi kuwa vipofu.

"Vipande vya barua zenu hupotea," alisema. "Ulinieleza mwenyewe mara ile ya kwanza. Ukasema kikipotea kimoja, kazi imelala."

"Ndiyo."

"Basi kipotee kimoja." Sauti yake haikuwa ya kuomba hasa. Ilikuwa ya mtu anayetaja bei ambayo hatapunguza. "Barabarani sitatoka bila mtu. Maji nitaletewa. Chai yake sitaiweka tena. Sikuombi maisha yote, mwanangu. Mpaka nitakapomzoea kuwa amekufa."

Atuganile alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilikuwa wazi. Lakini alimhurumia, na alipofungua mdomo alijisikia akisema atafikiria.

3

Wiki iliyofuata barua ilikwenda bila salamu hata moja. Dk. Mwasote alikaa mbali nayo, kama mtu aliyealikwa kwenye sherehe asiyoiafiki, isipokuwa aliomba neno asante liwekwe mwisho kabisa, chini ya amri ya kufunga, ambapo mashine haitasoma. Atuganile aliliweka.

Vipande saba vilianza kuingia, kila siku viwili au vitatu, bila mpangilio, cha nne kabla ya cha kwanza. Cha sita kilikawia. Atuganile alipovitazama vile sita vilivyofika aliona nafuu kubwa, kwa sababu uamuzi ulikuwa umemwepuka wenyewe. Hakulazimika kumdanganya mtu. Kesho yake baada ya chakula cha mchana modemu ilipiga makelele, na kipande cha sita kikashuka kwenye kioo mstari baada ya mstari, kizima, hakina hata herufi iliyoharibika.

"Vipi?" Daktari alichungulia mlangoni. "Vimetimia?"

Atuganile alikuwa na kidole juu ya kibodi. "Bado cha sita," alisema.

"Ah! Mambo ya posta hayo."

Hakuuliza zaidi. Vipande vilipotea kila mara, na aliyesema kimepotea aliaminiwa kama anayesema mvua inanyesha. Uongo ule ulikuwa mwepesi mno, na wepesi wake ndio uliomtisha Atuganile. Alikinakili kipande kwenye disketi, akaiweka kwenye droo yake pamoja na kitana na vidonge vya kichwa.

Daktari, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, aliamuru cha sita kiombwe tena, na alisimama palepale mpaka barua ikaenda. Kilikuja mara ya pili. Safari hii Atuganile alikifuta.

Alikwenda mteremkoni zaidi ya ilivyokuwa kawaida yake. Kisima kilikuwa kimefunikwa. Kwenye mkono wa kiti hapakuwa na kikombe. Bibi Tupokigwe alikuwa ametimiza kila alichoahidi, na aliketi akifuma huku akimsimulia mumewe bei ya ndizi sokoni, na alionekana na furaha. Atuganile alirudi akijiambia kwamba hakuna aliyeumia. Lakini jiko la mkaa lilikaa mahali pale pale siku zote, na mlango, na kizingiti, na ngazi tatu za nje. Na kila siku iliyopita jicho liliviweka ghalani kimoja kimoja, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote kati ya pale na pwani.

4

Bibi Tupokigwe aliingia Kituoni mchana, wakati wa foleni ndefu, akiongozwa na jirani. Jicho la kioo alikuwa amelifunga kwa kitambaa. Tumpe alikuwa mgongoni mwa jirani, amenyamaza kwa namna ambayo watoto hawanyamazi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeviringishwa khanga iliyolowa maji.

Dk. Mwasote alimchukua mtoto mwenyewe. Alipoifungua ile khanga, Tumpe alipata sauti yake, na foleni nzima ikageuka.

"Ni maziwa," bibi alisema. Alisimama katikati ya chumba, hakutaka kiti. "Nilikuwa nayatoa jikoni. Sufuria ilinichoma kidole, nikatafuta pa kuitua. Nikaona sakafu iko wazi. Pale karibu na kiti chake, kila siku iko wazi. Mtoto alikuwa amekaa pale. Sikumwona. Nilimsikia."

"Kuungua ni kwa juu juu," Daktari alisema, akifanya kazi. "Atapona. Alama itabaki, lakini mkono ni mzima. Laiti hicho kipande cha sita..." Hakumaliza.

"Kimefika, Daktari," Atuganile alisema.

Bibi aligeuza kichwa kuelekea sauti ile. Kwa kile kitambaa usoni alikuwa tena yule kikongwe wa zamani aliyeletwa Kituoni akishikwa mkono.

"Niwekeeni," alisema. "Lakini si hapa. Nyumbani. Nataka kumuaga."

Walikwenda jioni ile ile baada ya wagonjwa kwisha, Daktari akiwa amembeba Tumpe aliyefungwa bendeji, Atuganile akiwa na begi lenye kipakiaji, mashine ndogo ya kuhamishia programu kwenye kisanduku cha kiunoni. Alikuwa ameunga vipande vyote saba kabla ya kuondoka. Viliungana bila tatizo lolote, na hilo lilimuuma.

Bibi Tupokigwe alikaa kwenye kigoda, akatazamana na dirisha, akafungua kitambaa. Atuganile alipiga magoti nyuma yake, akachomeka waya.

"Tayari, bibi?"

"Subiri."

Walisubiri. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, naye mumewe, kwa wote wengine waliokuwamo, alikuwa kiti kitupu. Alisema kitu kwa Kinyakyusa, chini chini, na Daktari aliyekisikia akainamisha kichwa.

"Haya."

Kipakiaji kiliwaka taa. Kiraka hakikufagia ghala kwa mpigo mmoja. Kilipita ukurasa kwa ukurasa, na bibi aliwatajia bila kuulizwa, kama anayesoma matangazo ya kituo cha basi. Ukuta umecheza kidogo. Mlango umepata ufa, ama ulikuwa nao? Sakafu imekuwa chafu. Halafu mikono yake ikashikana mapajani.

"Gazeti limeondoka," alisema. "Anashika hewa." Na baada ya kitambo: "Miguu." Kisha hakusema tena. Alilia bila kwikwi, jicho moja likitoa machozi na lingine likitazama tu, mpaka taa ilipozimika.

Atuganile alichomoa waya. Hatimaye Dk. Mwasote alikohoa, kwa kuwa alikuwa na jukumu, na mtoto aliyeungua alikuwa begani pake.

"Atuganile, hiki kipande cha sita. Kilifika lini?"

"Leo," Bibi Tupokigwe alisema.

Alisema haraka na kwa uhakika, akiwa bado amewapa mgongo. Daktari alimtazama yeye, kisha akamtazama fundi wake. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kabisa, na Atuganile angeweza kutoka kupitia hapo na kazi yake, jina lake na mshahara wake, na Daktari, kwa malezi yake, asingemfuata na swali la pili. Tumpe alijigeuza usingizini, bendeji ikaonekana.

"Hapana, Daktari," Atuganile alisema. "Kilifika wiki ile ile na vingine. Nilikuwa nacho kwenye droo. Ulipoagiza kingine, nacho kilifika, nikakifuta."

"Nilimwomba mimi," bibi alisema.

"Aliniomba. Niliyekubali ni mimi."

Dk. Mwasote hakupaza sauti. Alimhamisha mtoto kwenye bega la pili, akanyoosha mkono uliokuwa huru, kiganja juu, na Atuganile akamwekea ufunguo wa chumba cha kompyuta. Daktari aliutia mfukoni, akaaga kwa heshima zote kama aliyekuja kunywa chai, akaenda kumlaza Tumpe chumba cha pili.

Atuganile alianza kukunja waya. Ulikuwa mrefu na vidole vyake vilikuwa vizito, na alitaka sana kuwa nje kwenye ukungu, mahali asipoonekana na mtu.

"Acha hizo nyaya," Bibi Tupokigwe alisema. Alikuwa amegeuka, na alikuwa akimtazama usoni. "Umepiga magoti muda wote huo. Kaa."

Atuganile alitafuta pa kukaa. Kigoda kilikuwa kimoja, na bibi alikuwa juu yake. Kilichobaki kilikuwa kile kiti cha dirishani, mto wake umetoboka, mikono yake ina miviringo ya vikombe. Alisogea, akaketi kwenye ukingo kabisa, nusu ya mwili hewani, kama mtu anayeogopa kumsukuma mwenzake.

"Kaa vizuri, mwanangu," bibi alisema. "Hapo hapana mtu."